Mwaka Niliokutoa Shule Kumsubiri Yesu

Mwanangu Atupele,

Kwenye simu nikisikia sauti yako tu namwachia mama yako aongee. Ndiyo maana leo nakuandikia, tena waziwazi, na wazazi wengine wasome.

Unaikumbuka ile Jumatatu uliponikuta nimekaa mlangoni, wewe na sare yako, viatu umeving'arisha? Ulikuwa kidato cha tatu. Mchungaji wa kanisa letu la pale turubaini, hapa Goba, alikuwa amehubiri kwamba dalili zote zimetimia, masika hayatatukuta duniani. Nikakwambia uvue sare, shule ni mambo ya dunia. Hukulia. Uliniuliza kwa adabu, "Baba, Yesu akija, kuna ubaya gani akinikuta nasoma?"

Nikakufokea.

Mie mwenyewe niliacha kazi za ujenzi. Tukafunga, tukaimba, tukasubiri. Masika yakaja, Goba yote ikawa tope, mchungaji akasema dhambi zetu ndizo zilizomchelewesha Bwana. Basi nikaanza kutafuta dhambi ndani ya nyumba yangu. Nikakuta daftari la baiolojia chini ya godoro lako, kumbe ulikuwa unajisomea kwa siri. Nikalichana mbele yako. Hilo linaniuma kuliko yote.

Shangazi yako alipofika kutoka Tukuyu hakubishana nami maandiko. Alifungasha nguo zako, akasema, "Kaka, mtoto namchukua. Wewe ukinyakuliwa, mie nitabaki naye." Ukanishika mkono: "Baki salama, baba." Nami nikatazama pembeni.

Nilikaa turubaini mwaka mwingine mzima. Kisha siku moja mchungaji aliniita nimjengee nyumba: vyumba vinne, na uzio wa matofali.

"Mchungaji," nikamuuliza, "nyumba ya nini tena?"

Akacheka. "Fundi, mtu lazima ajipange na maisha."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kitanda chako kitupu. Mama yako alinikuta pale, akaketi kando yangu.

Bado nasali, mwanangu. Bado naamini Bwana atarudi. Ila siamini tena kwamba atafurahi kukuta mtoto amekaa bure kwa sababu baba yake anaogopa. Mwezi uliopita jirani yetu alitaka kumtoa binti yake shule kwa mahubiri yale yale. Nilikwenda kwake, nikamsimulia habari zako zote, hata daftari sikuficha. Alininunia siku tatu. Siku ya nne nikamwona binti anapita na begi lake mgongoni, nikaingia ndani nikalia.

Mama yako ananiambia umeanza chuo cha uuguzi, na kwamba likizo unafikiria kuja. Njoo, Atupele. Usijilazimishe kunisamehe. Njoo ule, upumzike, ucheke na mama yako. Siku utakayotaka kuniuliza lolote, niulize. Safari hii sitafoka.

Aliyekukosea na anayekupenda,

Baba yako