Ndege Wenye Vichwa Chini

Gitega, Kigali
6 Septemba 2025

Nimefaulu, Shakira! Mama yako ana cheti! Kina muhuri, nimekitundika juu ya televisheni ili mgeni asitoke bila kukisoma.

Haya, sasa salamu. Assalamu alaikum, mwanangu. Hujambo huko Dar es Salaam? Kifua chako na lile joto vinaelewana? Sisi wazima, goti langu tu linanuna mvua ikikaribia.

Chuo chetu cha ushonaji kinatimiza miaka kumi. Unakumbuka 2015, humu humu sebuleni? Wasichana sita, cherehani mbili, na ubao wetu ni mlango wa zamani wa choo! Mvua ikipiga mabati hatusikilizani, tunaacha somo, tunakunywa chai. Halafu tukahamia Muhima, juu ya maduka. Wakati wa korona tukashona barakoa hadi vidole vikaota sugu. Leo tuko Kagugu, vyumba vitano, wanafunzi tisini, na mlinzi ananipigia saluti. Mimi, niliyeishia darasa la sita!

Ila sasa kila mwalimu lazima awe na cheti. Basi nikakaa dawatini na wanafunzi wangu. Nani kama mamako?

Tunafanya sherehe. Njoo.

Mama yako


Dar es Salaam
21 Septemba 2025

Waalaikum salaam, Mama. Mimi mzima, kifua kimetulia. Pole na goti.

Hongera sana. Ule mlango umenichekesha peke yangu dukani. Ni mimi niliyeupaka rangi nyeusi, hilo hukuandika.

Lakini kuja, sijui. Mahafali ya kwanza, 2017, uliinua gauni langu la kitenge cha ndege mbele ya wageni: "Tazameni, ndege wa mgongoni wana vichwa chini!" Watu wakacheka. Cheti changu hukukitia sahihi. Tangu siku ile sijagusa cherehani, nauza simu. Nikija nitakaa wapi, Mama? Kwa walimu au kwa wageni?

Mwanao Shakira


Gitega, Kigali
30 Novemba 2025

Mwanangu Shakira,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima. Nimechelewa kujibu, kalamu ilikuwa nzito kuliko pasi ya makaa.

Kuna kitu nilikuficha. Mara ya kwanza nilianguka mtihani. Walinipa kitenge cha njiwa, nikakikunja bila kutazama vichwa vinaelekea wapi, nikakata haraka nionekane fundi. Kuligeuza gauni, njiwa wote wa mgongoni vichwa chini! Yewe, nililowa jasho. Msimamizi alikuwa Aurore, yule tuliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano. Akalikunja gauni upesi, akanitilia mkobani, akaninong'oneza, "Mama, urudi mwezi ujao." Hakumwambia mtu.

Ndipo nikajua nilichokufanyia. Ulikuwa na miaka kumi na tisa tu. Nisamehe, mwanangu.

Gauni lako ninalo sandukuni. Mgongo nimeufumua. Nimezunguka maduka ya vitenge siku tatu, wauzaji wamenichoka, hadi nikapata kitenge cha ndege wale wale wa bluu. Sijakikata. Mkasi ni wako. Cheti kiko mezani, nafasi ya sahihi bado iko wazi, na usitegemee upendeleo, nitakagua kila mshono!

Mimi nitavaa lile la njiwa, nigeuke, wote wauone mgongo wangu wacheke washibe. Wenzako watano wa sebuleni wameshakubali kuja. Kiti chako kiko jukwaani, kando yangu. Ni Jumamosi, tarehe 20 Desemba, saa nne asubuhi.

Mama yako