Mkwe Aliyeanguka Kombewa

Obunga, Kisumu
10 Aprili 1989

Mama mkwe mpendwa,

Pokea salamu za nyumba hii. Sisi wazima, ila malaria ilinipitia kidogo. Mguu wako unaendeleaje?

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu bado ni cha sokoni. Jumamosi tarehe 22 sisi vijana wa kanisa tunamaliza safari yetu ya baiskeli, kutoka Eldoret hadi Luanda Kotieno, kuchangia viti vya magurudumu vya watoto wasioweza kutembea. Siku hiyo ya mwisho tunapita Kombewa. Nakujulisha mapema tusije tukakutana uso kwa uso. Kwetu Bungoma, kama kwenu, mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo.

La pili ni Lornah. Atajifungua Juni. Unajua ile mimba ya kwanza ilivyotoka akiwa peke yake ndani ya nyumba. Sasa anaogopa, na anachosema ni, “Mama aje.” Tafadhali njoo. Mimi nitahamia kwa rafiki yangu Shitanda, nyumba ibaki yako.

Ni mimi mkweo,
Wakhisi


Kombewa
15 Aprili 1989

Mkwe wangu,

Bwana asifiwe. Sijambo, mguu tu unanisumbua mvua ikija. Barua yako niliwasomea wamama wa kanisa, wakacheka. Mtu mzima avae kaptura aendeshe baiskeli toka Eldoret, na mabasi yapo!

Siku hiyo sisi ndio tunawapikia uji. Usiwe na wasiwasi, nitakaa nyuma kwenye sufuria. Wewe kunywa upesi uende zako.

Kwa Lornah nitakuja. Mwambie alale usingizi.

Mama yenu,
Dorca


Obunga
25 Aprili 1989

Mama mkwe,

Salamu. Afya ipo, magoti tu yamechubuka. Natumaini wewe hukuungua.

Breki zilikataa pale mteremkoni. Nikapiga kengele, nikapiga kelele, watu wakaruka, na mimi nikaenda moja kwa moja hadi nyuma, kwenye sufuria. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mtu, ananimwagia maji na kunipepea, na kaptura imechanika yote. Nikafungua macho nikaona ni wewe. Ungekuwa mtu mwingine yeyote ningeshukuru. Nikanyanyuka na leso uliyonifunika, nikachukua baiskeli ya mwenzangu, nikakimbia bila hata asante.

Luanda Kotieno walitushangilia sana. Mchungaji akatupa mkono mmoja mmoja, na mimi nimesimama pale na leso ya mama mkwe kiunoni. Nilitamani feri inipeleke Mbita, ng'ambo ya ziwa, nisirudi tena.

Kwetu jambo kama hili linataka mbuzi. Sema kwenu linataka nini, nilete. Ila usiache kuja kwa Lornah kwa sababu yangu.

Mkweo mwenye haya,
Wakhisi


Kombewa
8 Mei 1989

Mkwe wangu,

Salamu kwenu. Mimi mzima, lakini sitoki sana.

Siku ile sikuona mkwe. Niliona mtoto wa mtu amelala chini kama amekufa. Nikapiga nduru, Wakhisi! Wakhisi! Mimi ambaye sijawahi kulitamka jina lako! Sasa sokoni wananiuliza, “Dorca, mtoto wako ameacha kunyonya?” Hata shemeji yangu amesema mwanamke aliyempakata mkwe wake hawezi kulala katika nyumba ya mkwe huyo.

Mbuzi baki naye. Sijakasirika, naona haya tu. Obunga sitakuja. Nitamtuma dada yangu Beldina. Mweleze Lornah polepole.

Mama yenu,
Dorca


Kombewa
30 Juni 1989

Mkwe wangu,

Nawasalimu, na naogopa kuuliza hali.

Beldina amerudi. Anasema alikuta mambo yameisha, Lornah amejifungulia sakafuni akisaidiwa na jirani yenu Nekoye, damu ilitaka kummaliza, na alikuwa akiniita. Anasema mtoto ni mzima, lakini Lornah hataki kusikia jina langu.

Yule mtu uliyemtuma kuniambia uchungu umeanza alinikuta. Nilikwenda steji asubuhi hiyo hiyo, nikapanda basi. Mama mmoja wa soko akaniuliza, “Unaenda kwa mtoto wako Wakhisi?” Basi zima likacheka. Nikashuka. Likaja la pili, nikaliacha lipite, nikarudi nyumbani kumtuma Beldina. Mimi, mama mzazi, niliogopa kicheko kuliko kifo cha mwanangu. Mambo ya Aprili nilidhani ndiyo aibu. Wololo, sikuwa nimeijua.

Usimsomee Lornah hii.

Dorca


Obunga
9 Julai 1989

Mama,

Salamu. Lornah ameanza kula. Mtoto ananyonya vizuri, ni msichana.

Nisamehe, barua nilimsomea. Kesho yake akaniuliza, “Kwa hivyo alifika hadi steji?”

Na mimi nina langu. Asubuhi ile nilipaswa kuja kukuchukua mwenyewe. Nilimtuma mtu kwa sababu niliona haya kukutazama, mke wangu akiwa katika hali ile. Haya zetu zisimwumize Lornah tena.

Jumamosi nakuja Kombewa. Nitaingia hadi mlangoni kwako mchana, watu wakiona, nitakupa mkono, nitabeba mzigo wako, na kwenye basi tutakaa kiti kimoja. Atakayecheka acheke. Mtoto bado hana jina. Lornah amesema hapewi mpaka ufike.

Mwanao,
Wakhisi