Utando Usioonekana Kutoka Juu

Virginia, 9 Oktoba

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba goti limepoa na kwamba mbwa wako Rek bado anakuamsha kabla ya jua. Mimi ni mzima wa mwili. Jumapili hupika supu ya siku nne, kwa kuwa sijajifunza kupika ya mtu mmoja. Utaona nimeandika kwa herufi kubwa. Sababu utaikuta mbele.

Kazi inaendelea. Setilaiti yetu ingali inapita juu ya Nebraska saa saba na nusu mchana, ikishusha mwanga wake kupima mawingu, vumbi na moshi. Kila ipitapo karibu na shamba, wewe, mtazamaji wetu wa kujitolea, hutoka nje uani, ukatazama juu, ukatutumia ulichokiona. Nami hulinganisha taarifa yako na yake. Tangu Mama afariki, hayo ndiyo mazungumzo tuliyobaki nayo. Odalys, mwenzangu wa meza ya jirani, hunitania kwamba wanawake wengine huletewa maua, mimi naletewa mawingu ya mzee wa Nebraska. Nilimjibu kwamba maua hunyauka.

Wiki iliyopita shangazi Ludmila alinipigia simu. Alisema umegonga nguzo ya lango kwa lori, mara ya pili sasa, na alipokuuliza ukamwambia nguzo ndiyo iliyosogea. Yeye alicheka. Mimi sikuweza, na sasa sina budi kukueleza kwa nini.

Tangu Mei umekuwa ukiandika kwamba anga ina utando mwembamba wa wingu. Mara kumi na moja setilaiti iliona anga safi: hakuna wingu, hakuna vumbi, hakuna moshi. Nilidhani chombo kimekosea, nikazikagua hesabu zake kwa siku mbili. Hakikukosea. Utando huo hauko angani, Baba. Uko machoni mwako. Nimejua tangu Julai, na kila mara nimekutumia jibu lilelile, kwamba taarifa yako imelingana na yetu. Niliogopa kwamba nikikuambia hailingani utaacha kutoka uani, na saa saba na nusu itapita bila neno lako. Ofisini nimekwisha kukiri, na majibu yale ya uongo yamefutwa. Lakini lori bado unaliendesha.

Tafadhali mpe shangazi funguo. Nitafika Alhamisi, twende pamoja kwa daktari wa macho. Nadhani ni mtoto wa jicho, naye huondolewa. Mimi ni mtoto wako wa pekee. Sitaki mwingine akae karibu nawe kuliko mimi.

Nisalimie shangazi, na Rek umkune sikio. Alhamisi, setilaiti ipite isipite, toka uani saa saba na nusu. Kivuli utakachokiona langoni kitakuwa mimi. Usikiandike kuwa wingu.

Bintiyo akupendaye,
Marlys