Vyumba vya Chaki

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu za moyo, pamoja na za watu wote wa nyumba hii, maana kila aliyepita hapa akaniona nimeshika kalamu ametia na zake. Natumaini u mzima na kwamba kile kikohozi cha juzijuzi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama hulalamika mvua ikikaribia, mvua ikipita nalo hunyamaza. Mume wangu naye ni mzima, ila amegundua kwamba akijishika kiuno huletewa chai kitandani, basi kiuno hakiponi. Shangazi anauliza kama umeshapata mchumba au bado umeoa majokofu ya watu unayoyatengeneza. Nilimwambia nitalifikisha swali lake kama lilivyo, na nimelifikisha.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu nimeijaribu. Kila nikimtaja Kaka, ghafla mtandao wako unaharibika. Karatasi haikatiki, na nakujua, ukishaanza kusoma kitu huwezi kukiacha. Basi kaa kitako usome polepole, wala usiruke kurasa.

Nianze na meli. Unakumbuka Mama alivyokula miaka yote alipokuwa mpishi wa bweni la shule: wima, sahani mkononi, sikio kwenye sufuria. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alipostaafu tukamuuliza anataka tumfanyie nini, akasema anataka kukaa mezani aletewe chakula, asiinuke mpaka kila mtu ashibe, na watoto wake wote watatu wawe wamekaa mbele yake. Hakutaja meli wala ndege. Meli ililetwa na binti wa ofisi ya safari, ofisi ambayo mimi ndiye ninayewashonea sare wafanyakazi wake. Alikuja kupima sketi, akanisimulia habari za meli kubwa ya matembezi, ambayo watu hulala humo wiki nzima na kuhudumiwa kama maharusi. Akasema wakiwa kundi la watu sita hupewa meza yao ya duara, wasichanganywe na wageni. Nikahesabu kichwani: Mama, Shangazi, mimi na mume wangu, Kaka, na wewe. Meza ya duara ikajaa hapo hapo kabla sijamaliza kumpima kiuno.

Kumbe kupanda meli si kama kupanda basi. Kuna vyumba vyenye kibaraza, vyenye dirisha la duara, na vya ndani kabisa visivyo na dirisha hata la kupitisha sindano. Kuna zamu mbili za chakula cha jioni, ya mapema na ya kuchelewa. Lazima useme nani analala na nani, kitanda kimoja au viwili, karibu na lifti au mbali. Mume wangu alitaka kibaraza. Shangazi alitaka mahali ambapo meli haichezi, akauliza kama kuna meli ya namna hiyo. Mama yeye alisema popote, mradi iwe mbali na jiko.

Tulipoanza kugombania ukubwa wa vyumba nikaona nifanye lile ninaloweza. Binti alinipa vipimo. Nikasogeza meza ya kukatia vitambaa, nikachukua futi yangu na chaki, nikavichora vyumba vyote vitatu sakafuni kwenye kiwanda changu cha ushonaji, kwa ukubwa wake halisi. Kuta, milango, bafu, vitanda, na ujia wa kupita kati ya chumba na chumba. Majora ya vitambaa nikayafanya magodoro. Kisha nikawaita watu waje wajaribu.

Laiti ungekuwepo. Mama na Shangazi walijilaza kwenye majora yao, Shangazi akaonyesha kwa hiari yake jinsi anavyokoroma, Mama akasema basi meli haitahitaji honi. Mume wangu aligeuka na sanduku mkononi akajikuta ujiani, mlango umeshafungwa, akagonga hewani aombe kufunguliwa. Tulicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. Ila sheria niliiweka mwanzoni: chaki ni ukuta, na mtu apite mlangoni.

Ndipo Kaka akaingia. Alipita katikati ya ukuta wa bafu, akapita juu ya kitanda cha Mama na kukanyaga shuka, akasimama katikati ya chumba changu na mume wangu akauliza hiyo michoro iko wapi. Wenzangu waliangua kicheko, wakidhani anafanya mzaha. Mimi nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimepiga magoti asubuhi nzima kwa chaki ile, na unajua tangu utotoni kazi ya mtu mwingine mbele ya Kaka ilivyokuwa si kitu. Nikamwambia hivyo, mbele ya watu. Akajibu tu kwamba ana haraka, akaanza kutoa amri zake kama kawaida ya Meneja, jina tulilompa tangu utotoni. Yeye atachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha. Kiwe karibu na lifti. Chakula ni zamu ya mapema, si ya kuchelewa, na hilo halina mjadala. Na safari isisogezwe hadi mwakani kama nilivyotaka mimi, iwe mwaka huu. Chumba cha ndani ndicho cha bei ya chini, kwa hiyo nikamwita mkono wa birika, na wote tukakubaliana kwamba jina limempata.

Jioni ile ile ukaja ujumbe wako. Kwamba utakuja kwa ajili ya Mama, lakini utachukua chumba chako peke yako, mbali, na utakula zamu ya kuchelewa. Kwamba huwezi kukaa meza moja na mtu aliyekuachia mkono hewani siku ya mazishi ya mke wake, mbele ya waombolezaji wote, wakati umesafiri njia nzima hukupata hata usingizi. Sikukulaumu. Nilikuwepo na niliuona ule mkono. Niliuona ulivyourudisha mfukoni.

Mama sijamwambia. Nashindwa nianzie wapi, maana siku hizi anafanya mazoezi. Tukishakula anabaki kitini, mikono mapajani, anatutazama tukitoa vyombo. Anajitahidi. Kisha anasikia kijiko kimeanguka na anainuka kukiokota, halafu anajicheka mwenyewe na kusema kwamba kwenye meli atazoea.

Sasa ndipo nilipotaka ufike. Wiki iliyofuata Kaka alikuja kiwandani peke yake, wakati wa chakula cha mchana, mafundi wangu wakiwa nje. Nilikuwa sijaifuta ile chaki, kwa ukaidi tu, wateja nikawa nawapitisha pembeni. Akaniuliza kama vyumba bado vipo. Nikamwambia viko miguuni pake. Akapiga magoti, mdogo wangu. Yule Kaka yetu asiyeinama hata kufunga kamba za viatu vyake, alipiga magoti akaanza kupapasa sakafu kwa viganja, na alipoufikia mstari akaufuata kwa kidole taratibu, kona hadi kona, mpaka mlangoni. Vumbi la chaki lilimjaa mikononi. Nilidhani ameugua ghafla.

Akaniomba nikae chini. Akaniambia ana presha ya macho. Imekuwapo kwa miaka, ikimla kimyakimya kutoka pembeni, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshachukua kingo zote. Kilichobaki ni cha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Anakuona uso ukisimama mbele yake, lakini cha ubavuni na cha miguuni hakipo. Jicho la kushoto ndilo baya zaidi. Kwenye mwanga hafifu hata hicho cha katikati hufifia, na zamu ya kuchelewa, kama binti alivyotueleza kwa kujisifu, hupunguziwa taa ili pawe pazuri. Dawa za matone anatia kila siku. Zitalinda kilichobaki kwa muda, ila kilichokwenda hakirudi, na daktari hawezi kumwahidi mwaka ujao utakuwaje. Anataka kumwona Mama amekaa anahudumiwa angali ana cha kumwonea. Kuhusu dirisha, alisema wapewe watakaolitumia.

Na kustaafu kwake udereva wa basi mapema hakukuwa kwa sababu ya mgongo kama alivyotuambia. Siku moja langoni pa shule, alikuwa anarudisha basi barabarani, utingo akapiga kelele. Mtoto alikuwa amesimama pale pale ubavuni, upande wa kushoto, wala yeye hakuwa amemwona. Hakumgusa. Alizima injini, akashuka, akamkabidhi msimamizi funguo, akaenda nyumbani kwa miguu. Mgongo aliutunga njiani. Mke wake peke yake ndiye aliyejua, naye ndiye aliyekuwa akimshika mkono kwa namna ambayo sisi tulidhani ni mapenzi ya uzeeni. Mkewe alipokufa, Kaka alimpoteza pia mtu aliyekuwa akimwonyesha ngazi.

Hapo nikamuuliza habari za mkono wako. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, maana nilikuwa naanza kulia na sikutaka. Akaniuliza mkono upi. Nikamweleza ulivyokuja, ulivyosimama ubavuni pake, kushoto, ulivyoshindwa kutamka neno kwa kilio, ukanyoosha mkono tu, naye akageuka akaenda zake. Alisugua chaki kwenye vidole. Kisha akasema miaka hii yote amekuwa akijiuliza kwa nini mdogo wake alikuja kwenye mazishi, akakaa uani, akaondoka bila hata kumpa pole.

Nimekaa na maneno hayo siku kadhaa, na bado yananichoma. Mnanuniana kila mtu na kosa la mwenzake mkononi, na kosa lenyewe halipo. Tena sikiliza hili. Siku ile alipokuwa akitoa amri zake za Meneja, alisema chumba chake kiwe na vitanda viwili. Mimi nilidhani anataka mahali pa kuweka masanduku. Nilipomuuliza safari hii, alisema cha pili alikuwa anakuwekea wewe. Wakati huo bado aliamini kwamba ulimdharau kwenye msiba wake. Alisema akizinduka gizani mahali pageni atahitaji kumuuliza mtu mlango uko wapi, na haya ya kuuliza hivyo haitampata mbele ya mtu aliyelala naye chumba kimoja tangu utotoni, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka msalani.

Sasa nikiri. Aliniapisha nisimwambie mtu, si Mama, si mume wangu, na wewe alikutaja kwa namna ya pekee, kwamba usije ukaja kwa kumhurumia. Nami nikaapa, mkono juu ya cherehani yangu. Leo nimekivunja kiapo hicho nikiwa na akili zangu timamu, na nikiulizwa sitakataa. Anaweza kunikasirikia atakavyo. Mama, Kaka atamwambia mwenyewe, huko huko melini, hilo nimemwachia. Lako sikuweza kumwachia, maana ninyi wawili mkiachiwa mtazeeka mmenuna.

Binti wa ofisi anataka majina, na nimeshampa. Chumba cha ndani, karibu na lifti, vitanda viwili: Kaka na wewe. Zamu ya mapema, meza ya duara, mbali na ngazi. Mama anakaa mahali atakapowaona wote. Wewe unakaa kushoto kwa Kaka, umwambie glasi iko wapi, kwa sauti ya chini ambayo Shangazi haisikii. Kama hutaki, andika mwenyewe ofisini wafute jina lako, maana mimi kulifuta sitaweza. Na usije kwa kumhurumia. Bado ni mtu wa amri, bado ni mkono wa birika, na ameshaniambia feni ya chumbani itawashwa kwa ruhusa yake.

Chaki bado ipo sakafuni. Kila baada ya siku mbili naichora upya inapofifia, na Kaka huja mchana akizoea chumba chenu. Sasa anapita mlangoni bila kukosea, anageuka kulia, anakaa kitandani kwake, na kitanda chako anakizunguka.

Mama anakusalimu, goti linakusalimu, Shangazi anangoja jibu la mchumba. Nguo zako za safari nimeshazikata kwa vipimo vya zamani, basi kama umenenepa uniambie mapema. Jitunze, ule vizuri, uvae sweta.

Na ukifika bandarini, usimjie ubavuni. Nenda mpaka mbele yake, simama karibu, ngoja akuone uso, ndipo umpe mkono.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fundi wa Chaki