Pete Isiyotoka Kidoleni

Jumatano, 25 Aprili 2001

Tarehe ya harusi imepatikana. Jumapili, 24 Juni, saa kumi na mbili jioni, sinagogi letu la ndani ya ngome. Rabi atakuja kutoka Athene. Nimezungushia tarehe wino mwekundu kwenye kalenda ya dukani, na tangu asubuhi nimewakatia wateja wawili vitambaa vifupi. Mama kasema nikiendelea kuota namna hii, duka litafungwa kabla ya harusi.

Naiona yote. Hupa, kile kivuli cha kufungia ndoa, itakuwa shali ya sala ya marehemu babu — fito nne, shali juu, mimi na mchumba wangu Minos chini yake. Meza uani, vitambaa vyeupe mpaka chini, mishumaa. Mpiga klarineti mmoja tu, mzee, asiye na haraka. Na pete ya Bibi.

Pete hiyo nimeitamani tangu nina miaka sita. Dhahabu tupu, haina kito, haina hata mchoro. Babu alimvisha Bibi humo humo sinagogini mwaka 1940. Sitaki nyingine.

Jumapili, 6 Mei

Nimemwomba. Bibi Eftihia alikuwa anasukuma unga wa pai na hakusimamisha mikono.

"Haitoki," akasema. Akaivuta kidogo, akakunja uso. "Unaona? Miaka sitini na moja."

Nikataja sabuni. Nikataja mafuta ya zeituni. Akasema hata njaa ya milimani haikuitoa, sembuse sabuni yangu. Hadithi hiyo naijua kwa moyo. Wajerumani walipokuja kuwabeba watu wetu, yeye na babu walikuwa wameshakimbilia milimani. Huko walikula mkanda wake wa fedha, wakala herini, wakala koti — vyote vilibadilishwa na unga. Ilibaki pete, kwa sababu kidole kilivimba kwa baridi.

Nilipomsimulia Mama, alicheka kwa pua. "Usijisumbue. Mimi niliiomba mwaka sabini na mbili. Kidole kilikuwa kimevimba vilevile." Halafu akaongeza: "Na afadhali. Baba yako angeiuza mwaka uleule." Akaendelea kupanga vifungo. Habari za baba huwa zinaishia hapo.

Alhamisi, 17 Mei

Siamini! Leo Bibi kaanza mwenyewe, sijamuuliza. Kasema kama ni kuazima tu, kwa saa moja, kisha irudi, huenda kidole kikakubali.

Nilimbusu mpaka akanifukuza jikoni. Nikampigia simu Minos, kwao Larisa. Kacheka sana. "Kidole chenye masharti," kasema.

Sasa kila kitu kinakaa mahali pake. Pembe nne za hupa nazitia viraka: kipande cha gauni la harusi la Mama, kipande cha kitambaa cha meza cha mama yake Minos, na viwili vya pazia la chumba nilichozaliwa. Kikombe cha fedha cha divai kinatoka Larisa. Glasi ambayo Minos ataivunja kwa mguu mwisho wa ibada, kama ilivyo desturi, niliichagua kabatini kwa Bibi, ile yenye ufa, nikiona nimefanya busara. Bibi kaninyang'anya. "Hiyo imeshavunjika. Chukua nzima." Kanipa ile nzuri kuliko zote.

Jumatano, 30 Mei

Rabi kapiga simu kuuliza majina ya kuandika kwenye hati ya ndoa. Mwishoni akauliza, na pete? Nikamsimulia kwa madaha yote.

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Pete lazima iwe mali ya bwana harusi. Yake kabisa. Ya kuazima haifungi ndoa. "Atakupaje kitu ambacho si chake, mwanangu?" Bibi ampe Minos, si mimi. Asitie sharti la kurudisha. Minos aipokee mkononi mwake. Hata dakika tano kabla ya kuingia chini ya hupa inatosha, lakini awe amepewa.

Nimezaliwa katika mji huu, nimehudhuria harusi sijui ngapi, na hilo sikulijua. Nilimpelekea Bibi habari. Nikamwambia ni dakika tano tu.

"Dakika tano au miaka mitano, nikishatoa nimetoa," akasema. Akaficha mkono chini ya aproni.

Jumatatu, 11 Juni

Kidole kimevimba tena. Kanionyesha mwenyewe, sikuuliza.

Nikamwambia Minos ni mtu mwema. Kasema hajasema ni mbaya, kasema hamjui. "Bibi, umekula naye mara tisa!" Akajibu kwamba baba yangu alikula kwake miaka kumi na moja, na bado hakumjua.

Minos hataki ugomvi. Kanunua pete Larisa, ya kawaida, nyepesi, kasema ananioa mimi, haoi dhahabu. Ni kweli. Najua ni kweli. Nimelia nyuma ya marobota ya pazia kama mtoto aliyenyimwa peremende, na nimeona aibu. Lakini tumebaki Wayahudi hamsini tu hapa. Ili wanaume kumi wa sala watimie, itabidi binamu waje kwa basi kutoka Athene. Nilitaka kitu kimoja kilichotoka kwenye mlango wa sinagogi kirudi kwa mlango uleule. Kimoja tu.

Ijumaa, 15 Juni

Hupa imekwisha. Mchana, duka limefungwa, niliitundika kwenye fimbo za mapazia nikasimama chini yake peke yangu. Mwanga ulipita kwenye sufu ukawa wa rangi ya maziwa. Nilifumba macho, nikasahau miguu yangu. Nilisikia klarineti, naapa niliisikia.

Nilipofumbua macho Bibi alikuwa amesimama pale. Ana ufunguo wake. Kashika pindo la shali, kalinusa. "Bado ananuka tumbaku," kasema. Kakaa nalo puani muda mrefu.

Mlangoni kageuka. Kasema nimwambie huyo mtu wangu aje Jumanne. Aje peke yake.

Jumanne, 19 Juni

Naandika koridoni kwa Bibi, daftari juu ya magoti. Minos kafika saa nne, kavaa koti kwenye joto hili. Bibi kamwingiza jikoni, mimi nimeambiwa nibaki hapa. Mlango kauacha wazi kidogo. Mama yuko uani, anaanika mashuka yaleyale kwa mara ya pili.

Nasikia vijiko. Bibi kamuuliza kama ana pete yake mfukoni. Anayo. Kaomba kuiona. Kasema nyepesi.

Kisha: "Nikikupa yangu, ni yako. Ukibadili mawazo Jumamosi, ni yako. Ukiiuza, siwezi kudai. Ndivyo alivyosema rabi?"

"Ndivyo, Bibi."

"Na wewe unasemaje?"

Minos anakoroga kahawa tu. Sema kitu, mwanaume! Hatimaye kasema: "Ningekuwa wewe, Bibi, nisingenipa."

Nimeuma kalamu. Na Bibi kacheka — kicheko cha kweli, sijakisikia tangu babu afe. Halafu kashusha sauti, nimelazimika kusogea.

Kamwambia jambo ambalo marehemu hakulijua. Kule milimani alikuwa anaivua pete kila asubuhi, ananawa mtoni, anaivaa tena. Haikukwama hata siku moja. Alimwambia babu imekwama, kwa kuwa babu angeibadilisha na unga, na angekuwa na haki, walikuwa na njaa. "Nikamtazama anavyokonda, nikanyamaza. Miaka yote hii watu wananiletea sabuni."

Nimechungulia. Pete iko mezani, katikati ya vikombe viwili vya kahawa. Kidoleni pa Bibi pana mstari mweupe. Minos ameweka mikono magotini, haigusi. Anajua lazima apewe.

Mama kaingia nyuma yangu na shuka bichi mkononi. Kachungulia juu ya kichwa changu. 

"Kumbe ilikuwa inatoka," kasema polepole.

Kanishika bega, mkono wake una baridi ya maji. Sijui kama amekasirika au nini. Sithubutu kugeuka kumtazama.

 Bibi anaitazama pete. Sasa hivi kanyoosha mkono — si kwenye pete. Kasogeza kikombe chake pembeni, kisha buli, kisha bakuli la sukari. Kati ya pete na Minos hakuna kitu tena. Neno la kumpa bado hajalitamka.