Jiwe la Kichwani mwa Baba

Makongeni, Nairobi
16 Agosti 1988

Kwa mdogo wangu Kombo,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, mkeo na watoto hamjambo huko Mombasa. Sisi tu wazima, na Mama tangu aje kunitembelea kikohozi kimepungua. Mimi afya ninayo, ila nina hasira, na leo utazisoma zote.

Uliniandikia kwamba maneno yangu ya barafu ni upuuzi wa Nairobi, na kwamba nyumba ya Mama utaijenga palepale ufukweni Kipini, karibu na kaburi la Baba, kama Baba mwenyewe alivyotaka. Ukauliza barafu ya mwisho wa dunia inatuhusu nini. Haya, nikujibu.

Jirani yangu Norah, mwalimu wa jiografia, alikuja jikoni kwangu na barafu ya muuza soda. Kipande kimoja alikiacha kielee katika beseni lililojaa pomoni; kikayeyuka, maji yasimwagike. Kingine akakiweka juu ya jiwe lililochomoza majini. Hicho kilipoyeyuka, beseni likafurika hadi miguuni pa Mama. Akasema barafu ya kusini kabisa imekaa juu ya nchi kavu, kama ile ya kwenye jiwe. Joto likizidi itaingia baharini, na maji yenyewe yakipata moto huvimba. Tena weupe wa barafu hurudisha jua juu. Ukitoweka, bahari hunywa joto lote. Pwani yetu hakusema inaliwa na barafu tu, mawimbi na mto vimo pia. Lakini bahari ni moja, Kombo! Wenye viwanda wanaota moto wao huko mbali, moshi unatuumiza macho sisi.

Nilidhani Mama atacheka. Alilia. Akatuambia kwamba wakati wa pepo za kusi mwaka juzi bahari ilimchukua Baba, kaburi zima. Jiwe la kichwani liliokotwa majini, naye na wazee wa msikiti wakalisimika juu zaidi, wakanyamaza ili tusivunjike moyo. Mwaka jana wakalisogeza tena. Sisi tulizoea kulitafuta kaburi kwa kuhesabu hatua kutoka majini, tusijue maji yenyewe yamehama. Iddi iliyopita mimi na wewe tulisoma Yasini juu ya mchanga mtupu! Nimemfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe, na bado sijapoa.

Basi wasimamishe mafundi. Mama anakusalimu sana, na mkeo pia. Anasema siku yake ikifika tumzike huku huku Nairobi, makaburini Kariokoo, kwani kando ya lile jiwe hakuna wa kulala naye.

Wasalaam,
Dada yako, Salme