Mama Amemchagua Mke Mwenzake

Mpendwa Mama Ednah, pole na kazi ya kusikiliza shida za watu, leo naomba usikilize na yangu maana nimeshindwa kuimeza na nimeshindwa kuitema, na ukiisoma redioni niite Biira tu wa Kasese, majina yote nimeyabadilisha, wenzangu wa ofisini wasinijue.

Nafanya kazi katika shirika moja hapa mjini, tuna mpango wa huduma ya nyumbani ambapo mgonjwa anachagua mwenyewe mtu wa kumwogesha, kumpikia na kumgeuza kitandani, na shirika linamlipa mtu huyo, na kazi yangu mimi ni kuandika mwongozo wa taratibu zote, nani anafaa kuwa mhudumu, anafundishwa nini, mgonjwa asiporidhika analalamika wapi. Maneno ya mwanzo kabisa niliyaandika mimi na niliyajivunia: mgonjwa ndiye anayechagua, si ndugu zake, si ofisi.

Sasa mama yangu, Feresita, anakaa Bwera, alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa, akaingizwa kwenye mpango kama wengine, na mimi nilikuwa nimeshamtafutia binti mzuri kutoka Hima anayeitwa Mackline, amesomea kuhudumia wagonjwa, lakini mama akamkataa akasema anamtaka Mariat. Mama Ednah, Mariat ni yule mwanamke ambaye marehemu baba alimjengea nyumba Mpondwe tukiwa bado tunasoma, mama akabaki analima peke yake na kutulipia shule kwa kahawa, na ni mama huyo huyo aliyetukataza hata kumsalimia huyo mwanamke sokoni!

Nikamuuliza, "Mama, watu wote wa Bwera wamekwisha?"

Akanijibu polepole, maana mdomo bado umepinda, "Wewe uliandika mgonjwa achague. Mimi nimechagua."

Jumamosi moja nikaenda bila kusema, nikafika uani nikasikia kicheko, na mama hakuwa amecheka tangu augue, si kwangu wala kwa mtu mwingine, kumbe Mariat anampaka mafuta kichwani na wote wawili wanamcheka baba alivyokuwa anakimbia akiona kinyonga, mimi mtoto wake sikujua kama baba aliogopa kinyonga. Mariat akaniona akasema, "Karibu, mutoto yetu, mama iko muzuri leo, alikula yote." Mutoto yetu! Na mama aliponiona akanyamaza, kicheko kikaisha hapo hapo, na hicho ndicho kilichonichoma. Nikachukua beseni nikasema leo namwogesha mimi, nikaanza kumvua gauni, nikavuta mkono mbovu akalia kwa maumivu, akasema, "Acha, Biira. Mariat anajua."

Nilirudi Kasese nikaandika kwenye mwongozo kwamba mhudumu asiwe mke mwenza wala mtu yeyote aliyeingia katika familia kwa ndoa. Mkubwa wangu, Omara, akauliza sababu, nikamwambia ni kuzuia wagonjwa wasiteswe nyumbani, akanisifu. Halafu tukaenda Bwera kuwasomea wahusika wenyewe kabla mwongozo haujapitishwa, nilipofika kwenye lile katazo, mzee Byamukama, aliyekatwa miguu yote, akanyoosha mkono akasema, "Mimi ananibeba mke wa marehemu kaka yangu. Na yeye ameondolewa? Basi mtanibeba nyinyi?" Mama alikuwepo kwenye kiti chake cha magurudumu, Mariat nyuma yake, na mama akaniangalia tu nikajua ameelewa. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Omara anataka mwongozo kamili wiki hii. Niliache lile katazo lilivyo, nilifute kimyakimya, au niseme? Na nisikudanganye, hata nikilifuta, bado sitaki yule mwanamke amguse mama yangu.

Biira, Kasese

*

Biira, pole. Ulimwona mama yako akiachwa, ukabeba hasira yake tangu utotoni, na leo unamkuta ameshaitua yeye na hakukuambia. Inauma, sikukatazi kuumia.

Lakini kuumia ni kwako. Byamukama amekukosea nini? Umechukua wivu wa nyumbani kwenu ukaufanya sheria ya watu wasiokujua, halafu ukamwambia mkubwa wako kwamba unawalinda. Aibu hiyo usiifute kimyakimya. Kabla Omara hajaweka sahihi, ingia ofisini kwake, funga mlango, mwambie: "Katazo lile niliandika kwa sababu ya mama yangu." Mwombe sehemu hiyo aimalize mtu mwingine, na nyumba ya Feresita isiwe tena mikononi mwako kikazi. Atakukaripia. Vumilia.

Na kama kweli unaogopa wagonjwa kuteswa, basi pendekeza jambo linalosaidia: mtu asiye wa familia awe anawatembelea, akae na mgonjwa peke yake, mhudumu akiwa mbali, amuulize kama yuko salama na kama anataka kubadilisha. Hilo litamlinda Byamukama, na litamlinda mama yako pia, hata dhidi ya Mariat, hata dhidi yako wewe.

Sasa huyo Mariat. Unajiuliza mama anampendea nini. Mimi simjui, ila nadhani kati ya watu wote walio hai, ni yeye tu anayeweza kukaa na mama yako wakamcheka marehemu baba yako. Wewe ulikuwa na baba. Wao walikuwa na mume. Hapo huna cha kushindania, binti yangu, na mama hana haja ya kukuomba ruhusa amsamehe mtu aliyemkosea yeye. Usimuulize kwa nini. Akitaka atakuambia.

Acha kupiga simu. Panda gari uende Bwera. Muombe mama msamaha Mariat akiwa amekaa pale pale, asikie, na yeye mwite mama mdogo, hata kama neno litakukwama kooni mara ya kwanza. Beseni usiliguse. Mwambie Mariat akufundishe namna ya kumvua mama nguo bila kumuumiza, maana siku Mariat akiugua malaria, nani atamwogesha?

Wivu hautaisha siku hiyo. Nenda nao hivyo hivyo. Kisha muulize mama, "Mimi unataka nikufanyie nini?" Akisema umkate kucha, kata kucha. Akisema ukae tu, kaa. Akisema rudi Kasese, rudi bila kununa, halafu Jumamosi inayofuata uwe mlangoni kwake tena.